Sura ya Tisa na Mlango wa Mvule

Mwenye ukurasa, jina langu lizuie. Mimi ni mzee wa miaka sabini na mbili, naishi Mtopanga na mke wangu. Majina ya wengine nimeyabadilisha. Mhusika akisoma atajijua, na hilo ndilo ninaloliogopa, lakini sina mtu mwingine wa kumweleza.

Nilizaliwa Likoni, katika nyumba yetu iliyojengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine, kama nyumba nyingi za pwani. Ardhi ikauzwa, tukapewa siku saba. Kitu nilichobeba mabegani kuvuka feri ni mlango wa mbele, wa mvule, alioutengeneza marehemu baba. Nimehama nao vyumba vya kupanga visivyo na idadi, ukilala umeegemea ukuta.

Kazi yangu ilikuwa gofu. Nilianza kwa kubeba mifuko ya fimbo za wakubwa, nikajifunza kwa kutazama, nikasoma kila kitabu cha mchezo huo nilichokipata, mwishowe nikawa mwalimu. Vijana wawili niliwalea tangu hawajui kushika fimbo. Mmoja nitamwita Faraji, wa pili Kombo. Kombo ndiye aliyekuwa na mkono mzuri zaidi. Lakini Faraji nilimpenda zaidi, sitaficha.

Leo Faraji ni bingwa, picha zake ziko kwenye mabango. Mwaka jana aliniambia, "Mwalimu, andika kitabu juu ya safari yetu. Andika kila kitu." Nikaandika, kwa mkono, madaftari manne. Nikafika sura ya tisa.

Miaka kumi na saba nyuma kulikuwa na mashindano ambayo mshindi wake angepelekwa ng'ambo kufundishwa. Walibaki Faraji na Kombo, wako sawa, shimo la mwisho. Mimi nilimbebea Faraji mfuko. Akapiga, mpira ukaingia kichakani. Sheria ya wakati ule ilikupa dakika tano za kutafuta. Usipouona, unahesabiwa pigo la ziada na unarudi kupiga upya. Kombo mwenyewe aliinama pamoja nasi, anapekua miiba amsaidie mwenzake. Dakika ya nne nikatia mkono mfukoni, nikadondosha mpira mwingine.

Niliwafundisha kila mmoja autie mpira wake alama kwa kalamu. Alama ya Faraji ilikuwa nukta tatu nyekundu. Ule wa mfukoni nilikuwa nimeutia nukta mimi, asubuhi, wa mazoezi. Nikasema, "Huu hapa." Mchezaji ndiye anayepaswa kuutambua. Faraji akautazama, akanitazama, akasema, "Ndio wangu." Akashinda kwa pigo moja.

Nilijiambia siku ya Kombo itakuja. Haikuja. Sasa anasukuma mkokoteni soko la Kongowea.

Miaka yote hiyo niliamini Faraji hakujua, na kwenye kitabu niliandika hivyo, kwamba kosa ni langu peke yangu. Mchapishaji akampelekea aandike utangulizi. Alhamisi, baada ya Alasiri, akaja.

Alivua viatu, akamwamkia mke wangu shikamoo, akaketi mkekani ingawa viti vipo.

"Kitabu kizuri, Mwalimu. Sura ya tisa itoe."

"Mwanangu, nimeeleza kwamba wewe hukujua. Hakuna atakayekulaumu."

Akatabasamu. "Nilijua. Nukta zangu huwa nazipanga mstari mmoja. Wewe ulizipanga pembe tatu, kama mafiga."

"Mbona ulinyamaza?"

"Nawe je?"

Akainua macho, akaitazama dari polepole. "Nyumba hii ina hewa nzuri. Mama ameizoea?"

Mke wangu, asiyejua lolote, akajibu kutoka jikoni, "Tumeizoea, mwanangu. Mungu akuzidishie."

"Alhamdulillahi. Kuhama uzeeni ni taabu kubwa."

Mnielewe. Nyumba hii alinipa yeye, mbele ya kamera, funguo mkononi mwangu, watu wanapiga makofi. Hati ilibaki kwa jina lake, nami niliona haya kuiulizia. Mlango wa baba niliutia hapa siku ya kwanza, ukaenea kana kwamba ulipimwa. Wakati wa kuondoka alipitisha kiganja juu ya mbao zake, akasema kwa upole uleule aliokuwa nao akiwa mwanafunzi wangu, "Huu ni wako, Mwalimu. Huu unaweza kwenda nao."

Tangu siku hiyo naufunga komeo mchana. Gari likipunguza mwendo nje, naacha kusoma. Mke wangu ananiuliza ninaumwa nini, nasema ni presha.

Jumamosi nilikwenda Kongowea. Kombo akaniona kabla sijamwona.

"Shikamoo, Mwalimu. Mbogamboga zote hizi, umefungua hoteli?"

"Marahaba. Hoteli ya nani? Mama yenu nyumbani ndiye kaagiza."

Akaninyang'anya kikapu, akakiweka juu ya mkokoteni wake. "Nasikia kitabu kinatoka. Mimi nimo, ama nimepotelea kichakani?"

Alikuwa anatania, wallahi hakumaanisha kitu. Nikamwambia, "Umo." Akasimama katikati ya njia, lori linampigia honi, akawaita wachukuzi wenzake: "Nyinyi mnaonidharau, sikieni, mimi nimo kitabuni." Mmoja akamwambia labda kwenye ukurasa wa viazi. Wakacheka wote, naye akacheka kuwashinda. Sikumwambia ni sura gani. Na sura hiyo ikiondolewa, kinachobaki juu yake ni jina tu, mara mbili, kwa kupita.

Mchapishaji anataka jibu Jumatatu. Jana mke wangu kapanda mchaichai uani, anasema mwakani tutakunywa wa kwetu. Nyinyi mnaosoma, wakubwa kwa wadogo, nipeni shauri kabla ya siku hiyo: niichane sura ya tisa, au nianze kuung'oa mlango wa baba kwenye bawaba?