Mgagani Ulioota Nyuma ya Karasha

Dada yangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza, bibi alifunga safari kutoka kwetu, pembeni ya Tinde, hadi kijiji kimoja cha wachimbaji upande wa Geita ambako shemeji anafanya kazi. Akanichukua nimbebee mizigo. Nilikuwa nimekaa nyumbani tangu nimalize chuo, shahada yangu ya sayansi ya mazingira ikiwa ndani ya bahasha ya kaki, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuwaza. Niliwaza kama barua zangu za kuomba kazi zilikuwa ndefu mno, kisha nikawaza kama zilikuwa fupi. Bibi alisema mimi ni ng'ombe anayecheua bila kula.

Kwenye mizigo hiyo kulikuwa na kifuko cha nsansa, yaani majani ya mgagani yaliyokaushwa. Kwetu hakuna anayepanda mgagani. Mvua zikianza unajiotea wenyewe, na wanawake wanauchuma ukiwa mchanga, wanauchemsha kidogo, wanaukamua na kuuanika juu ya jabali mpaka uvunjike mkononi. Kiangazi, mboga nyingine zote zikiisha, nsansa ndiyo inayobaki. Inalowekwa, inapikwa kwa maziwa au karanga za kusaga ili uchungu upungue, inaliwa na ugali. Tulipoumwa kichwa utotoni, bibi alitusugua majani mabichi kwenye paji la uso, nasi tukashinda tunanuka mgagani shuleni.

Lakini kazi kuu ya nsansa ni kwa mzazi. Kwa bibi, mwanamke hajamaliza kujifungua mpaka anywe mchuzi wake. Niliposoma chuoni kwamba majani yale yana madini ya chuma, nilimpigia simu kumweleza kwa furaha. Akaniuliza, "Ndicho ulichoenda kusomea?"

Kifuko alikibeba kidogo makusudi. Mvua zilikuwa zimeanza, na alisema hata kwenye dhahabu ardhi ni ardhi. Siku ya nne nsansa zikaisha. Asubuhi ya siku ya tano akatoka peke yake, akarudi kanga yake imefura.

"Mume wangu, njoo uone!" Bibi zetu huwaita wajukuu wa kiume waume zao, na huna pa kukimbilia. "Nimepata mahame. Majani kama sahani!"

Mahame ni mahali palipokuwa na boma la watu, wakahama. Kwa mtu aliyezaliwa kwenye ng'ombe kama bibi, jambo hilo halina mjadala: ukiona mgagani umeota mnene namna ile, chini kuna samadi ya miaka mingi, na aliyeishi pale alikuwa na mifugo. Alikuwa ameshamjengea nyumba mtu huyo kichwani, akampa na wake wawili.

Tulirudi pamoja kuchuma zaidi. Palikuwa nyuma ya karasha ya zamani, mashine ya kusagia mawe ambayo sasa imebaki chuma kitupu. Bibi aliinama, akaanza kuimba kwa sauti ndogo. Mimi niliangalia chini. Udongo ulikuwa wa kijivu, laini kama unga wa sementi, na kando yake kulikuwa na beseni la zege lililopasuka. Niliujua udongo ule. Wachimbaji wanauita marudio, mchanga unaobaki baada ya dhahabu kuoshwa.

Nikainama nami, nikachuma. Nilijiambia huenda mvua zimeshausafisha. Nilijiambia sina kipimo. Halafu bibi alikuwa anaimba, na tangu tufike sikuwa nimemsikia akiimba. Kijijini pale hakuwa na la kufanya. Maji yaliletwa na mkokoteni, dada alipikia gesi, na majirani walisalimia huku wanapita. Nsansa ndiyo kazi pekee ambayo hakuna mwingine aliyeijua.

Shemeji aliporudi kula nikamzungukia.

"Shemeji, pale nyuma ya karasha ya zamani palikuwa na nini?"

"Tulikuwa tunaoshea pale kabla ya kuhamia bondeni. Vipi, msomi, njaa imekushika unataka kuchimba?"

"Nauliza tu. Mlitumia zebaki?"

"Sasa ungekamata dhahabu na nini? Na dua?"

Akacheka, akanawa, akaenda zake. Yeye hakujua majani yametoka wapi, na mimi sikumwambia.

Kesho yake bibi alishinda kwenye turubai. Alilalamika kwamba turubai linachoma majani kwa chini, si kama jabali la nyumbani, kwa hiyo alipiga magoti kila baada ya muda mfupi na kuyageuza. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikitunga mipango. Mmoja ulikuwa kuwafungulia mbuzi wa jirani wayale. Niliufikiria mpaka nikawaonea huruma mbuzi.

Siku ya tatu tangu tuyachume, majani yalikuwa yamekauka. Dada alikaa kwenye mkeka, mtoto akinyonya. Bibi aliteleka maziwa, yalipoanza kuinuka akachota nsansa konzi moja.

"Bibi, usiweke."

Mkono wake ukabaki hewani. "Kwa nini?"

Nikaanza kueleza, na kwa hofu maneno ya chuo yakatangulia yote.

"Sema kama watu," akasema.

"Pale si mahame, bibi. Walikuwa wanaosha dhahabu. Wanatumia zebaki, nayo ni sumu, inakaa kwenye udongo. Majani yanaweza kuwa nayo. Na dada ananyonyesha."

Dada alimwondoa mtoto kwenye titi, kana kwamba sumu ilikuwa imeshafika.

"Unajua, au unaogopa?" bibi akauliza.

"Naogopa. Sijui. Hakuna anayeweza kujua kwa kutazama."

Alizirudisha nsansa kwenye ungo taratibu, akakung'uta vidole. Nilishusha pumzi. Nilidhani yameisha.

"Ulianza kuogopa lini?"

"Juzi."

"Juzi." Alilitamka neno hilo kama analionja. "Jana nimepiga magoti pale nikigeuza jani moja moja, na mgongo huu. Wewe ulikuwa kwenye kiti."

"Sikutaka kukuumiza, bibi."

"Na sasa hujaniumiza?"

Dada akajaribu kuniokoa. "Bibi, huyu ndivyo alivyo. Hata chai huichungulia kabla ya kunywa."

"Wewe mzazi, nyonyesha."

Nilichukua ungo nikaelekea kwenye shimo la taka. Akaniita nyuma. "Mbuzi wa watu je?" Basi nikachimba shimo refu, yeye akamwaga, akashindilia udongo kwa miguu yake mwenyewe, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Jua lilipokuwa linazama akaniita.

"Kesho upande basi. Mama yako akupe nsansa za chungu cha ukutani. Za mlangoni ni za zamani."

Nilikwenda, nikalala nyumbani, nikarudi na gunia dogo mapajani. Basi liliposimama Kagongwa, mama mmoja akapanda, akakaa pembeni yangu, akanusa mara mbili.

"Nani kajifungua?"

"Dada yangu."

"Mtoto gani?"

"Wa kike."

"Mpe hongera. Umwambie asiweke chumvi nyingi." Na mpaka tulipofika Kahama alikuwa ananifundisha kupika, nami nilimsikiliza kwa moyo wote.

Bibi alifungua gunia, akanusa, akapika. Bakuli la kwanza alinipa mimi.

"Anza wewe, bwana sumu. Ukidondoka, tutajua."

Nikanywa lote, uchungu na maziwa, mbele yao. Dada alicheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu, kisha akanywa mabakuli mawili, akatoka jasho puani. Bibi alilitazama jasho lile kama mkulima anavyotazama mvua.

Niliamini amenisamehe, kisha nikaanza kuwaza labda amenyamaza tu. Wiki moja baadaye aliniamsha asubuhi akaniambia nivae viatu. Tulitembea mpaka nyumba za wachimbaji zikaisha, yakaanza mashamba. Kando ya ua mmoja mgagani ulikuwa umejaa. Bibi akatandaza kanga chini, lakini hakuchuma. Akapiga hodi. Akatoka mwanamke, wakasalimiana kwa Kisukuma kirefu.

"Mama, hapa zamani palikuwa na nini?"

"Zizi la mkwe wangu."

Bibi hakuinama. Alinigeukia, akashika kiuno.

"Haya. Kama una neno, liseme sasa hivi. Si keshokutwa."

Nilikuwa nalo. Niliona aibu mbele ya yule mwanamke, lakini nikauliza mvua ikinyesha maji yanatokea upande gani. Akanyoosha mkono kuelekea vilimani, upande usio na machimbo, akaniuliza kama mimi ni mtu wa serikali.

"Ni mume wangu," bibi akamjibu. "Ana maswali mengi, lakini siku hizi anayatoa mapema." Akanisukuma begani. "Chuma."