Mstari wa Kuanzia

Mwalimu wetu wa Kiingereza hapa Kalemie hupangusa chaki kwenye suruali, na neno gumu hulitamka polepole, kama mtu anayeonja mchuzi wa moto. Jana darasani Mama Gisèle, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alimuuliza maana ya “from scratch”. Mwalimu akachora mstari sakafuni kwa chaki, kama wa kuanzia mbio, akasimama juu yake.

“Njo kuanzia hapa, Mama, bila kitu. Kama nyumba imeanguka, unajenga tena toka musingi.”

“Na wewe, Papa, ungeanza nini tena?”

Mwalimu akageukia dirisha la upande wa ziwa. Mke wake alirudi kwao Moba mwaka jana.

“Ningepiga hodi kwa baba yake, nimuombe binti yake upya.”

“Boti ya Moba inaondoka kesho.”

Mwalimu akapangusa chaki kwenye suruali.

“Saa ngapi?”