Masahihisho Mara Kumi

Nilipewa darasa la tano kabla sijasomea ualimu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka mmoja tu uliopita, na chaki ilinivimbisha kichwa. Shule ilikuwa katikati ya mashamba ya chai, juu ya Kangeta.

Siku hiyo niliandika ubaoni 4.5 + 3.25, nikawaonyesha njia yangu: nne na tatu ni saba, tano na ishirini na tano ni thelathini. Jibu, 7.30. Msichana wa dawati la mbele, aliyechuma chai na mama yake kila asubuhi kabla ya kuja shule, akainua mkono.

"Lakini mwalimu, hiyo point five si ni nusu kilo? Na hiyo ingine ni robo. Nusu na robo ni robo tatu."

Daftarini alikuwa ameandika 7.75. Nilicheka. Nikamwambia hapa si kwa mizani ya majani chai, na darasa zima likacheka nami. Nikamwekea kosa kwa kalamu nyekundu, nikamwagiza afanye masahihisho mara kumi, kama ilivyokuwa desturi yetu. Akaandika 7.30 mara kumi, kwa mwandiko safi kuliko wangu.

Jumamosi nilimsaidia mama mwenye nyumba niliyopanga kubeba vikapu vyake hadi kituo cha kupimia majani chai. Karani akapima cha kwanza: kilo nne na nusu. Cha pili: tatu na robo. "Saba na robo tatu," akasema, hata bila kuinua macho. Masikio yaliniwaka. Niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Jumatatu nilichora safu ubaoni: mamoja, sehemu za kumi, sehemu za mia. Nukta chini ya nukta. Baada ya ile tano nikaongeza sifuri, ikawa 4.50, kila tarakimu ikakaa mahali pake. Nilifundisha vizuri sana siku hiyo, kana kwamba ndivyo nilivyopanga tangu mwanzo. Sikusema kwamba nilikuwa nimekosea. Nilitaka kusema, nikaziona zile nyuso zote zikinitazama, nikaogopa. Mpaka leo naona haya.

Msichana yule akaja mezani na daftari lake.

"Mwalimu, sasa nifanye masahihisho ingine?"

Hakuwa na kejeli hata chembe. Alikuwa anauliza tu.

Nikamwambia, "Fanya."

Akaandika 7.75 mara kumi. Nikampigia tiki zote kumi, kwa kalamu ile ile nyekundu.