Siku Baba Alipotoka Nje ya Baraza

Duka la mama lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Majengo, kile kilichotazama barabara, na wakati ule wa ruksa, serikali ilipofungua biashara, chumba cha namna hiyo kilikuwa mali kuliko shamba. Kabla ya hapo mama alikuwa mkulima wa mahindi na ulezi kama wanawake wengine wa Kaengesa alikotoka, na sabuni tulikuwa tunaipangia foleni. Kisha malori yakaanza kuja kutoka Tunduma yamejaa vitenge, betri, ndala, biskuti na sabuni za rangi ambazo hatukujua hata majina yake. Mama akauza magunia yake yote ya mavuno, akamwita fundi atoboe mlango upande wa barabara. Baba, ambaye alikuwa seremala, akamtengenezea rafu za mbao kutoka sakafuni mpaka darini.

Naukumbuka wakati ule mpaka moyo unauma. Mama alikuwa anafungua duka kabla hajanywa chai, baridi yote ya Ufipa inaingia ndani, sisi tunatetemeka ndani ya masweta, yeye anapanga sabuni huku anaimba nyimbo za kwaya. Wateja walikuja kununua kibiriti wakakaa mpaka saa nne wakisimulia habari za mazishi na ndoa. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilisaidia kuuza. Niliona kwa macho yangu jinsi mama alivyobadilika. Alianza kucheka kwa sauti. Alianza kumwambia baba, bila kuomba radhi, kwamba safari hii bati la jikoni atanunua yeye.

Baba alikuwa pia diwani wa kata yetu. Sijui watu walimchagua kwa lipi, maana hotuba hakuwa nazo. Mimi nimerithi ulimi wa mama, na nilimwona baba mpole kupita kiasi. Lakini watu walimpenda. Walisema huyu akikutengenezea kitanda hakilii.

Shida ilianza pale halmashauri ilipopata fungu la kupanua barabara yetu. Ilikuwa nyembamba, na masika ilikuwa tope tupu, malori yalikwama mbele ya duka letu na madereva wakatukana mbele ya watoto. Kila mtu aliitaka barabara. Tatizo lilikuwa ni upande upi uvunjwe. Upande wetu kulikuwa na duka la mama. Upande wa pili, tukitazamana nao kabisa, alikuwepo jirani yetu Msukuma, aliyepanda kutoka bonde la Rukwa na ng'ombe wake, akauza baadhi, akanunua kiwanja na kufunga mashine ya kusaga. Mhandisi alisema upande wowote unawezekana, na kwamba uamuzi ni wa baraza la madiwani.

Msukuma alikuja kwetu Jumapili moja baada ya misa na kibuyu cha maziwa mgando. Alikaa sebuleni, mtu mkubwa mwenye fimbo mkononi, akamsalimia baba salamu ndefu zisizoisha. Alisifu kiti. Alisifu mvua. Baba naye akasifu maziwa. Wakakaa hivyo mpaka nikachoka mimi niliyekuwa nasikiliza nyuma ya pazia. Mwisho Msukuma akasema, "Mheshimiwa, mimi hapa mjini sina ndugu wala diwani wa kwetu. Ng'ombe wangu ndio waliogeuka kuwa mashine ile."

"Nimekusikia, mzee mwenzangu," baba alimjibu, akarudi kwenye habari za mvua.

Mama alikijaza kile kibuyu unga wa ulezi, kwa kuwa chombo cha watu hakirudishwi kitupu, akamsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi alimwuliza baba atasema nini barazani. Baba akasema hatasema kitu, atatoka nje.

Hapa lazima nieleze. Kwa babu yetu, kule Msanzi, ukoo ulipokaa kuamua jambo, yule ambaye jambo linamhusu hakukaa nao. Alitoka nje, akapewa mkeka karibu na kihenge cha mahindi, na walipomaliza walimwita kumwambia walivyoamua. Iwe ni shamba lake, iwe ni mahari ya binti yake, alisubiri nje. Babu alisema mtu akikaa ndani, wenzake watatazama uso wake badala ya kutazama shauri. Baba alilelewa hivyo, na hakuona kwa nini mjini kuwe tofauti. Mama alimtazama, akasema, "Wewe ndiye unayejua," kisha akaenda kulala.

Siku ya baraza tulikwenda wote wawili, mama na mimi, tukaketi kwenye mabenchi ya wasikilizaji. Mama alivaa kitenge chake cha Pasaka na alichagua kukaa pembeni, karibu na dirisha. Mimi nilikaa upande wake wa pili, shingo nimeinyoosha nimwone mwenyekiti. Nilifikiri tungeanza na barabara. Wapi. Tulianza na makisio ya mapato na matumizi, na kila diwani alikuwa na kalavati lake lililoahidiwa mwaka uliopita na mwaka wa kabla ya huo. Mmoja alitaka kujua greda litalala uani mpaka lini kwa kukosa dizeli. Mwingine alizungumzia mbuzi wanaozurura sokoni kwa uchungu mkubwa, mpaka mwenyekiti akamwomba awaache mbuzi wapumzike. Ukumbi ukacheka. Vikaja viwanja, vikaleta ugomvi, vikaondoka. Siku hizi nikisikia watu wanasema mikutano ile ilikuwa ya kupoteza muda, nawabishia. Watu wale walikuja kwa baiskeli kutoka mbali, wengine na viatu vya kuazima, na walibishania daraja la miti kwa moyo wao wote.

Lilipofika suala la barabara yetu, baba alisimama. Alisema shauri hili linagusa nyumba yake na kwa hiyo anatoka. Katibu akamwambia kwa heshima kwamba si lazima, akishatangaza maslahi yake inatosha, abaki tu. Baba akachukua kofia yake akatoka. Wengine walitazamana. Mmoja nyuma yangu alinong'ona, "Huyu mzee vipi?"

Walibishana sana. Waliotaka upande wetu uvunjwe walisema mashine ya kusaga inawahudumia wengi. Waliotaka upande wa pili walisema duka nalo linawahudumia wengi, tena lilitangulia mashine. Wakanyoosha mikono, na mikono ikalingana. Mwenyekiti akakuna kidevu. Akasema diwani wa kata yupo hapo nje na ni mjumbe halali, akaulizwe kama anapenda kurudi apige kura yake. Tarishi akatumwa.

Nilimshika mama mkono. Mimi macho yangu yalikuwa mlangoni, yeye alikuwa ameelekea dirishani, na nilifikiri anaogopa kutazama. Nilikuwa na hakika baba ataingia. Nani asingeingia? Kura moja, na duka la mkewe linabaki.

Tarishi alirudi peke yake. "Mheshimiwa anasema shauri hili limemtoa nje, mmalize, atakuja kuambiwa."

Basi mwenyekiti akatumia kura yake ya uamuzi. Akasema kwa kuwa upande wa Msukuma una mfereji wa maji ya mvua ambao ungegharimu zaidi kuuhamisha, barabara ipite upande wetu, na wenye nyumba walipwe fidia. Kisha wakaendelea na taa za soko.

Mama alimnunia baba. Si kununa kwa kawaida. Baba akiwa ameketi mezani kabisa, mama alikuwa ananiambia mimi, "Mwambie baba yako uji uko tayari," nami namwambia baba, na baba ananiambia nimwambie ahsante. Nyumba nzima ilipoa. Wanawake wa jumuiya ya kanisa walikuja kumpa mama pole na kumsema baba chini chini, na mimi nilikuwa upande wao. Nilimwona baba kama mtu aliyeichagua sifa yake akatuacha sisi. Yeye alikwenda karakanani asubuhi, akarudi jioni na vumbi la mbao kwenye nywele zake zote, akala, akalala.

Fidia ilipokuja, baba alisema hatutasubiri tingatinga livunje ovyo, tutabomoa wenyewe ili tofali na mbao zifae kazi nyingine. Tulianza Jumamosi. Msukuma alivuka barabara bila kuitwa, akavua koti lake na kupanda juu kung'oa bati. Mimi nilipokea tofali. Baba alikuwa anatoa zile rafu, anagonga misumari kutoka upande wa nyuma polepole ili mbao isipasuke.

Katikati ya kazi baba aliacha nyundo. Alimgeukia mama mwenyewe, si mimi.

"Mama watoto, naomba unisamehe. Duka limekwenda kwa sababu yangu."

"Duka limekwenda kwa sababu ya barabara," mama alisema. "Sikununia duka."

"Umenunia nini?"

Mama aliendelea kufuta mbao kwa kanga. "Siku ile nilikaa dirishani. Tarishi alipokufikia, ulisimama. Ukavaa kofia, ukaanza kuja mlangoni. Nilikuona."

Baba hakubisha. "Nilisimama," alisema. "Nilisimama kwa ajili yako."

"Najua. Na mimi huku ndani naomba ukae. Nilikuwa nalitaka duka langu, Mungu anajua nalitaka mpaka leo. Lakini ningeuza vipi sabuni, na huyu mzee anapita mbele yangu kila asubuhi?" Alimwonyesha Msukuma kwa kidevu, naye Msukuma, juu ya paa, akajifanya ana shughuli na msumari. "Ukarudi, ukakaa. Nikashukuru. Halafu nikakasirika kwamba ulinitisha namna ile, na hasira ikakataa kutoka."

Nilisimama na tofali mikononi. Wiki zote zile nilikuwa nimemnunia baba kwa kukaa, kumbe mama alikuwa amemnunia kwa kusimama.

Mama akaiweka ile mbao juu ya nyingine. Akamtazama baba vizuri, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

"Wamekuja watu wengi hapa kunipa pole mimi," alisema. "Sijasikia hata mmoja akikupa wewe. Mbao hizi ulizipiga randa mwenyewe. Pole, baba watoto."

Baba alikaa chini juu ya rundo la tofali, akavua kofia, akalia. Hakujificha. Mama akaenda kukaa karibu naye, bega kwa bega, ndani ya chumba ambacho hakikuwa tena na paa. Watu walikuwa wanapita barabarani kwenda sokoni, wakatusalimia, nasi tukawaitikia.