Nimekalia Uyoga wa Watu Sokoni Mlola

Leo nimekalia beseni la uyoga sokoni Mlola. Makusudi kabisa. Cheka kwanza, halafu soma.

Nilimkuta jirani yangu Mama Neema anachagua uyoga kwa jamaa mmoja mgeni.

Mimi uyoga naujua kuliko unavyojijua wenyewe. Ule ulikuwa mweupe mno, una pete shingoni.

Nikamuuliza jamaa, "Umeuchuma wapi?"

"Huko juu."

Huko juu! Usambara yote iko juu, bwana wewe! Muuza uyoga wa kweli anakutajia mpaka kisiki.

Nikasema, "Mama Neema, usinunue, huu unaua."

Akacheka. "Shikamoo babu. Si juzi ulituambia ulimzaba chui kofi?"

Nilimzaba kweli, ila hiyo siyo habari ya leo.

Mama anafungua pochi. Ana watoto watatu nyumbani. Ningefanyaje?

Nikakaa. Pwaa!

Soko zima likaangua kicheko. Lakini jamaa hakunidai chochote. Alibeba beseni akapotea. Mwenye mali safi angeniacha hivihivi?

Halafu mzee mwenzangu, muuza viazi pale kando, akaninong'oneza: "Hata mimi niliushtukia tangu asubuhi. Nikaona hayanihusu. Alikuja na mabeseni mawili."

Mawili! Na mimi nimekalia moja tu.

Hapo kicheko kikaniishia.

Kama umenunua uyoga Mlola leo, mwaga. Aliyekwisha kula akimbizwe hospitali. Unamjua aliyenunua? Mpigie sasa hivi, usijifanye hayakuhusu.

Ikionekana nimedanganya, kesho mnitukane mnavyotaka.