Kiti Amevunjika, na Mlenda Bila Karanga

Haya kanisimulia mjukuu wangu Ruthu, Jumapili iliyopita, tukichambua majani ya mlenda hapa kwangu Makutupora.

Ilianza kwa kompyuta kuandika: kiti amevunjika. Kisu amepotea.

Ruthu akaganda.

Yuko mwaka wa mwisho chuoni, anakaa Chang'ombe kwa shangazi yake Sidonia, binti yangu. Kazi yake ilikuwa kuifundisha kompyuta maneno ya Kiswahili.

Huwezi kulieleza kila neno peke yake, utazeeka. Unayapanga kwa koo: kiti, kisu, kipofu, ukoo mmoja. Kila ukoo una mama, na alichonacho mama watoto wote wanarithi, isipokuwa mtoto aliyeandikiwa la kwake.

Asubuhi ile neno kipofu lilimsumbua. Kompyuta ilikuwa inasema kipofu kimefika, utadhani mtu ni kikombe. Akahangaika nalo mpaka likakubali: kipofu amefika. Akashukuru Mungu.

Jioni ndiyo viti vikawa watu.

Na kesho asubuhi anasimama mbele ya mwalimu wake. Alishafeli kazi hiyo mara moja. Akifeli tena, chuo basi.

Akarekebisha kiti. Akarekebisha kisu. Kutazama chini: kijiko, kitanda, kikapu, kiatu, yamejaa kama mtama shambani. Yote yameharibika.

Akampigia mwenzake Rodgers.

"Rodgers, nimekwisha. Kiti kimekuwa mtu."

"Mpe shikamoo basi."

"Sitanii, kaka."

"Ruthu, hata mimi yangu imegoma. Pambana tu."

Akalaza kichwa mezani, akalia kimya kimya. Aliomba hata homa impate, aamke hawezi.

Huko jikoni Obedi, mume wa Sidonia, naye alikuwa na lake.

"Sidonia, karanga nimezibeba toka Chemba. Leo tena umepika mlenda wa mgonjwa?"

"Sisi karanga hatuli."

"Sisi nani? Anayevimba akizila ni Ruthu peke yake. Mwenye shida mmoja, wewe umebadilisha chungu cha nyumba nzima."

"Sema polepole."

"Mpakulie yeye pembeni."

"Mtoto kaja hapa hana mama, Obedi. Nikianza kumpakulia pembeni atajiona mgeni. Acha tule hivi hivi."

Ruthu akainua kichwa.

Miaka yote alijua nyumba ile haipendi karanga. Kumbe wanazipenda. Kumbe ni kwa ajili yake.

Machozi yakamjia upya, halafu yakakatika. Mmoja mwenye shida, ukabadilisha chungu.

Akalipitia tena lile alilolifanya asubuhi. Kumbe kwa ajili ya kipofu alikwenda kwa mama wa ukoo mzima, akamwandikia: watoto wako ni watu. Viti na visu vikarithi.

Akalifuta kwa mama. Akaliandika kwa kipofu peke yake.

Kiti kimevunjika. Kisu kimepotea. Kijiko, kitanda, kikapu, vyote vimerudi kuwa vitu. Kipofu amefika.

Akajaribu na wingi. Vipofu wamefika. Lake la utu analo, na ile vi- ya mama yake bado anairithi. Hakufukuzwa kwenye ukoo.

Akaihifadhi ile kazi. Kisha akaenda jikoni, akachukua bakuli, akajipakulia mlenda wake kwanza.

"Shangazi, sasa tieni karanga."

Sidonia akashika mwiko.

"Nimewasikia. Mimi nile changu pembeni, ila tukae mkeka mmoja. Kwani nitaacha kuwa wa hapa?"

"Nani kasema utaacha?" Sidonia akauliza.

"Lete hizo karanga," Obedi akasema, "kabla hajabadili mawazo."

Walikula pamoja. Obedi aliongeza mara tatu, akalala na shati. Ruthu naye akalala, kompyuta kaikumbatia.

Wajukuu zangu, mtoto mwenye lake mpeni lake. Kumpa siyo kumtoa nyumbani.

Sidonia alibaki anaosha lile bakuli dogo. Akalifuta, akaliweka juu, pamoja na sahani za wote. Ndipo naye akaenda kulala.