Nilichonga Kashata Kwenye Tairi Kipara

Nimekosa, jamani! Nimekosa, na niliyemkosea ni mume wa dada yangu, tuliyezaliwa naye tumbo moja. Jina langu sitaliandika, ingawa hapa Temeke atakayesoma mistari kumi tu atanijua. Basi na anijue.

Kazi yangu ni kuchonga vinyago. Shemeji yangu alikuwa akiendesha pikipiki ya magurudumu matatu, moja mbele, mawili nyuma, na sanduku la mikate mgongoni kwake. Alfajiri anapakia mjini, anagawa madukani mpaka huku kwetu. Kwenye mchanga wa huku alikuwa akipunguza upepo wa tairi la mbele ili lisizame, na akirudi kwenye lami anaona uvivu kupiga pampu. Likaliwa kingo zote, mwisho likawa kipara, laini kama tumbo la chungu.

Na tangu vita viishe, matairi hayapatikani! Tajiri wake alikuwa akikagua kila Jumamosi, na mwenye tairi kipara anakaa nyumbani mpaka meli ilete mengine. Shemeji akanijia na lile tairi begani, anacheka.

"Shemeji, kila siku unachonga vitu vya kukaa kimya. Leo nichongee kitu kinachotembea! Nitilie kashata."

Kashata ndizo zile kata-kata za juu ya tairi zinazoshika barabara. Ningesema hapana, na yangeisha. Lakini mie na sifa! Nikachukua patasi nyembamba, nikachonga siku nzima, mistari ikakaa sawa kuliko ya kiwandani. Majirani wakaja kutazama. "Huyu ndiye fundi!" wanasema. Kichwa kikanivimba.

Ndipo patasi ikazama. Nikaona weupe: nyuzi za ndani, upana wa kidole. Hapo ndipo palipokuwa pa kusema, "Shemeji, tairi limeharibika, kaa nyumbani." Mdomo ukawa mzito. Watu wote wale wananitazama! Nikachukua rangi nyeusi ya viatu, nikapaka juu. Tena nikamwambia alijaze upepo mpaka ligome kabisa, ili kashata zisimame zionekane.

Jumamosi tajiri alilitazama, akalipiga teke, akaridhika.

Siku ya tatu ikanyesha mvua ya kwanza ya masika, ile inayoamsha mafuta barabarani. Tairi gumu vile halishiki lami yenye maji, linateleza tu. Na kashata zangu zilikuwa za kutazamwa, mpira wenyewe ulishakwisha. Kwenye mteremko wa Mtoni alikata kona, gurudumu la mbele likakataa kugeuka, likagonga jiwe la ukingoni, likapasuka pale pale nilipopaka rangi. Pikipiki ikamlalia mguu.

Niliitwa, nikaenda mbio. Nilimkuta chini, mikate imetapakaa topeni, anaita jina la dada yangu. Na mie, Mungu anisamehe, macho yangu yalitafuta tairi kwanza! Nikaukanyaga ule mpasuko, nikauzamisha kwenye tope, ndipo nikamshika mkono.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Tajiri alisema dereva alikimbiza, akamwachisha kazi. Dada yangu sasa ndiye anayekaanga vitumbua ili watoto wale. Na shemeji mwenyewe amekubali hivyo hivyo. "Ni mwendo wangu, shemeji," huniambia. "Kazi yako ilikuwa safi." Laiti angenitukana!

Mwezi uliopita alitaka nimchongee magongo. Nikamchongea, ya mninga. Akayapima, akacheka kama zamani. "Nitilie na kashata huku chini, shemeji, yasiteleze mvua ikinyesha."

Nilitoka nje nikalia. Dada akanifuata, akaniuliza nina nini. Nikasema ni vumbi la mbao limeniingia machoni. Uongo mwingine!

Nyie mnaoendesha, nawaomba: tairi kipara ni kipara tu, msilipambe. Punguzeni upepo mchangani, lakini mkifika kwenye lami shukeni mpige pampu, kwa kiasi, msilifanye jiwe. Mvua ikinyesha nendeni polepole, hata kama mikate itachelewa. Na nyie mafundi wenzangu, ukikosea mbele ya watu, sema mbele ya watu hao hao. Aibu yake ni ya siku moja. Hii yangu nalala nayo na kuamka nayo.

Gazeti hili dada yangu humsomea mumewe kila Jumapili, neno kwa neno, naye amekaa na yale magongo pembeni. Kwa hiyo najua atafika hapa.

Shemeji, haukuwa mwendo wako. Niliziona nyuzi, nikanyamaza.